Tairi Gani kwa Lami na Matope? Somo la Wanaboda wa Kakamega

Saa nne usiku simu inalia. Ni mteja wako wa Isecheno, kule karibu na msitu. Mke wake ameshikwa na uchungu wa kujifungua, gari hakuna, na mvua imenyesha tangu saa kumi jioni. Anataka umfikishe mama hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kakamega, yeye atafuata na boda ya pili. Mwanzo wa safari ni udongo mwekundu ulioloa chepechepe. Mwisho wake ni lami yenye maji, na magari ya kwenda Webuye yanakuja na taa kali.

Swali la leo ni hili: tairi uliyofunga itakuvusha sehemu zote mbili?

Huenda unashangaa kwa nini kampuni ya malipo inaongea habari za tairi. Sisi hatuuzi tairi. Lakini kwa mtu wa boda, tairi ni gharama inayorudi mwaka hadi mwaka, na wengi huinunua siku ile ya kwanza imepasuka, kwa pesa ya haraka, bila kuuliza maswali. Hapo ndipo pesa hupotea. Somo hili litakusaidia kuchagua tairi kwa hesabu, na utaona kwamba sehemu ya hesabu hiyo tayari iko kwenye simu yako.

Tairi hushika barabara namna gani

Sehemu ya tairi inayogusa chini kwa wakati mmoja si kubwa kuliko kiganja chako. Kila kitu kinategemea hapo: breki, kona, abiria na mzigo.

Kwenye lami, tairi hushika kwa mpira wake kugusana na barabara. Mpira mwingi ukigusa, inashika vizuri zaidi. Lami ikiwa na maji, tairi inahitaji mifereji ya kusukuma maji pembeni, la sivyo mpira unaelea juu ya maji na breki haisaidii.

Kwenye matope mambo yanageuka. Mpira haupati kitu kigumu cha kushika, kwa hiyo tairi inahitaji meno ya kuzama ndani na kusukuma. Meno hayo yawe yameachana. Udongo wetu mwekundu unanata kama ugali. Ukijaa kati ya meno yaliyobanana, tairi inageuka donge laini la udongo, na hapo hata tairi mpya ni kipara.

Basi jambo ndilo hilo: kinachosaidia kwenye matope kinapunguza mpira unaogusa lami, na kinachosaidia kwenye lami kinajaa matope haraka. Hakuna tairi inayoshinda kote. Muuzaji akikuambia "hii ni ya kila mahali, mkubwa," muulize inapoteza wapi. Kila tairi inapoteza mahali.

Aina tatu utakazokutana nazo dukani

*Tairi ya lami.* Uso wake umejaa, mifereji ni myembamba na haina kina kirefu. Inatulia barabarani, breki yake ni nzuri na inadumu. Kwenye vumbi kavu lililoshindiliwa inapita bila shida. Mvua ya kwanza ikinyesha njia ya ndani, inaanza kucheza.

*Tairi ya kati.* Ina vipande vikubwa vya mpira vyenye mifereji mipana kiasi. Lami inaiweza, changarawe inaiweza, na matope ya kawaida inayavuka ukienda pole pole. Hii ndiyo inayowafaa wanaboda wengi wa Kakamega.

*Tairi ya meno.* Meno marefu, yameachana. Kwenye matope na vilima vya udongo ndiyo mfalme. Lakini kwenye lami meno yanajikunja ukiingia kona, breki ya mvua inahitaji nafasi ndefu zaidi, na meno ya katikati yanaisha haraka. Tena angalia ubavuni: ukiona herufi NHS, hiyo imetengenezwa kwa mashindano ya porini na hairuhusiwi barabara kuu. Usiibebee abiria.

Barabara yako ni ipi hasa?

Kakamega hupata mvua nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Inazidi kati ya Machi na Mei, na miezi mingine pia alasiri nyingi huishia kwa mawingu meusi. Kiangazi cha kuaminika ni Desemba hadi Februari. Kwa hiyo usichague tairi ukifikiria barabara ya Januari.

Lakini mvua ni ya wote, na barabara si moja. Anayesimama steji ya mjini na kubeba wanafunzi wa chuo kikuu cha Masinde Muliro hukutana na lami karibu siku nzima. Anayetoka Khayega kuingia ndani ya Shinyalu, au anayezunguka vijiji vya Ikolomani, hukutana na udongo. Na wa upande wa Malava na Mumias ana shida ya tatu: trela za miwa zikitoka shambani huacha matope juu ya lami. Unadhani uko kwenye lami, kumbe uko kwenye utelezi.

Wewe uko wapi? Ukiulizwa hivi ghafla, utajibu kwa kukumbuka safari mbaya zaidi. Kila mtu hukumbuka siku aliyokwama. Ndiyo maana kuna watu wa mjini wamefunga tairi za meno kwa sababu ya safari moja ya mwezi wa Aprili.

Afadhali uiulize simu. Fungua taarifa ya miamala yako ya siku saba zilizopita. Abiria wengi siku hizi hulipa kwa simu, kwa hiyo kila malipo yana saa na kiasi. Jioni, kabla hujasahau, pitia moja moja na uandike kwenye karatasi: L kwa safari ya lami, U kwa safari ya udongo, na LU kwa iliyochanganya. Waliolipa pesa taslimu ongeza kwa kukumbuka. Baada ya wiki, hesabu.

- L zikiwa nane au zaidi kati ya safari kumi: tairi ya lami yenye mifereji mizuri ya maji, au ya kati.
- Zikikaribiana: tairi ya kati, mbele na nyuma.
- U zikiwa saba au zaidi kati ya kumi: tairi ya meno nyuma, na ya kati mbele. Ukifika kwenye lami, punguza mwendo.

Safari zako za LU zihesabu upande ulio mrefu, lakini usizisahau. Safari ya yule mama wa Isecheno ni LU. Safari kama hiyo haitaki tairi iliyo bora upande mmoja na hatari upande wa pili. Inataka tairi inayokubalika pande zote mbili.

Soma ubavu wa tairi kabla ya kutoa simu

Ubavuni kuna maandishi, na hayako pale kama pambo.

*Saizi.* Boda nyingi za cc 100 hadi 150 hutumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya mwisho ni rimu. Nyingine zina rimu ya 18. Pikipiki za porini kama Yamaha DT 125, ambazo umeziona na maafisa wa nyanjani, zina rimu ya 21 mbele na 18 nyuma. Usikisie. Soma ile uliyo nayo sasa, kisha ilinganishe na kitabu cha pikipiki, kwa sababu aliyekuuzia huenda alifunga saizi isiyo yake.

*Uzito.* Utaona kama 50P. Namba 50 ina maana tairi hiyo inabeba hadi kilo 190 ikiwa na upepo wa kutosha. Namba 45 ni kilo 165. Herufi ni ya mwendo: P ni kilomita 150 kwa saa, L ni 120. Kwa boda, herufi si tatizo. Tatizo ni namba. Piga hesabu: pikipiki kama kilo 115, wewe 70, abiria 75. Hiyo ni 260. Ongeza gunia la mahindi la kilo 90, unafika 350. Uzito mwingi unakaa nyuma. Theluthi mbili za 350 ni zaidi ya kilo 230, na tairi yako ya nyuma ni ya 190. Sheria inasema abiria mmoja, na tairi nayo inasema hivyo hivyo.

*Umri.* Tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata kama haujatembea, hasa tairi iliyoning'inia juani mbele ya duka. Ukikunja meno kwa kidole gumba na ukaona nyufa ndogo, iache.

*TT au TL.* TT inahitaji tyubu. TL imetengenezwa kutumika bila tyubu, lakini rimu ya spoki kwa kawaida inavuja kwenye spoki, kwa hiyo bado utahitaji tyubu. Nunua tyubu ya saizi ile ile. Tyubu kuukuu ndani ya tairi mpya ni pancha inayongoja siku yake.

*Mshale.* Unaonyesha tairi izunguke upande gani. Ikifungwa kinyume, mifereji haisukumi maji inavyotakiwa. Mwangalie fundi akifunga.

*Alama ya kuisha.* Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo, mara nyingi vimeonyeshwa kwa herufi TWI ubavuni. Mpira ukiwa sawa na kituta, tairi imeisha, hata kama inaonekana ina siku.

Na ukiona mifereji ya tairi iliyotumika ina kingo kali za kukatwa na kisu, hiyo ilikuwa kipara ikachongwa upya. Mpira uliobaki chini yake ni mwembamba. Usiinunue hata kwa mia tano.

Bei ya dukani na bei ya siku

Hapa ndipo wengi huumia. Tuchukue bei za mfano (uliza za dukani kwako) na siku 26 za kazi kwa mwezi.

- Tairi A, ya bei nafuu: bob 2,400, inadumu miezi 4. Siku 104. Hiyo ni bob 23 kwa siku.
- Tairi B, ya kati: bob 3,800, inadumu miezi 8. Siku 208. Bob 18 kwa siku.

Ile "ghali" ni nafuu. Kwa miezi minane A utainunua mara mbili, bob 4,800, na fundi umlipe mara mbili.

Sasa weka tairi C, ya meno, bob 3,600.

- Kwa mtu wa mjini, lami inamaliza meno kwa miezi 3. Siku 78. Bob 46 kwa siku.
- Kwa mtu wa vijijini, inadumu miezi 6. Siku 156. Bob 23 kwa siku.

Umeona? Tairi moja, duka moja, lakini mmoja analipa mara mbili ya mwenzake kwa sababu ya barabara. Mtu wa mjini aliyefunga C analipa bob 28 zaidi kila siku kuliko angefunga B, na bado breki yake ya mvua ni mbaya zaidi.

Mtu wa vijijini naye asikimbilie B kwa sababu ni bob 18. Tuseme msimu wa mvua, akiwa na B, anakataa safari mbili za bob 100 kila siku yenye matope mazito, siku mbili kwa wiki. Amepoteza bob 400 kwa wiki ili kuokoa bob 5 kwa siku. Kwake C ndiyo nafuu.

Ukifika dukani usiulize tu "hii ni pesa ngapi?" Jiulize: kwa barabara yangu, hii itanilipisha ngapi kwa siku, na itanikosesha safari ngapi?

Mbele si mahali pa kuweka mabaki

Tabia ipo: pesa yote inaenda tairi ya nyuma, na mbele inabaki ile ile miaka miwili. Ya nyuma inaisha haraka kwa sababu inasukuma na kubeba. Lakini ya mbele ndiyo inayokupeleka unakotaka, na ukipiga breki uzito wote unakimbilia mbele. Nyuma ikiteleza, mara nyingi unaweza kuidaka. Mbele ikiteleza, unaijua ukiwa chini.

Tairi ya mbele yenye mistari mirefu tu inatulia vizuri kwenye lami, lakini kwenye matope haina cha kuzuia kuteleza pembeni. Kama una safari nyingi za udongo, mbele weka ya kati.

Upepo: kinga isiyo na gharama

Pikipiki nyingi za aina hii zinataka kama 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi.

Wengine hupunguza upepo ili kuvuka matope. Ni kweli tairi laini inatanua na kushika zaidi. Lakini ukirudi kwenye lami hivyo hivyo na abiria, inapata moto, tyubu inabanwa kati ya rimu na jiwe, na ukipiga breki kali tairi inaweza kuzunguka juu ya rimu na kung'oa mdomo wa tyubu. Ukipunguza, rudisha.

Tairi mpya nayo huwa na utelezi. Kilomita 100 za kwanza usiilalie kwenye kona.

Kulipa bila kupigwa

1. *Ona kwanza, lipa baadaye.* Mtu akikutumia picha ya tairi mtandaoni na kusema "tuma kidogo nikuwekee," usitume. Tairi huwezi kusoma umri wake kwenye picha.
2. *Lipa kwa namba ya till ya duka.* Ukishaiweka, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Kama si jina la duka, simama, uliza. Dakika moja ya kuuliza ni rahisi kuliko wiki ya kufuatilia pesa.
3. *PIN ni yako.* Mikono yako ikiwa na grisi, ifute. Usimpe fundi simu "akusaidie."
4. *Usifute ule ujumbe wa malipo.* Omba risiti, na uandike juu yake namba ya muamala, saizi ya tairi na zile tarakimu nne za umri. Tairi ikitoa uvimbe ubavuni wiki ya pili, utarudi dukani ukiwa na ushahidi.

Tairi inunuliwe kabla haijapasuka

Ukinunua baada ya kupasuka, unanunua iliyopo, si unayotaka. Na mara nyingi unakopa. Kwa mfano, ukikopa bob 3,800 kwa simu na ada iwe bob 20 kwa siku, ukikaa nalo siku 30 umeongeza bob 600. Hiyo ni zaidi ya mwezi mzima wa tairi B ambao hukuendesha.

Njia nyingine: bob 20 kila siku ya kazi, kwenye akiba ya simu, mbali na pesa ya mafuta. Siku 190 una bob 3,800, na tairi B bado ina siku 18 za kutembea. Ukiweka 30, unagusa na ya mbele na tyubu. Weka baada ya safari ya kwanza ya asubuhi, kwa sababu jioni pesa ina maneno mengi. Kabla ya kuanza, angalia kama huduma unayotumia inakata ada kuhamisha kiasi kidogo. Ikiwa inakata, kusanya uweke mara moja kwa wiki.

Zoezi la wiki hii

- Leo: soma ubavu wa tairi zako zote mbili. Andika saizi, namba ya uzito na umri. Tazama vituta vya TWI.
- Kila jioni kwa siku saba: pitia miamala, weka L, U au LU.
- Jumapili: hesabu, kisha uulize bei za tairi mbili zinazokufaa. Gawa kila bei kwa siku unazotarajia zidumu.
- Jumatatu: anza akiba ya bob 20.

Ukimaliza, mwonyeshe mwenzako wa steji hesabu yako na umwombe ya kwake. Pengine mtakuta mnapaki pamoja lakini mnahitaji tairi tofauti.

Na ile simu ya saa nne usiku? Itakuja, kama si kutoka Isecheno basi kwingine. Ukiwa na tairi ya kati yenye meno bado, mbele na nyuma, upepo sawa na abiria mmoja, utavuka udongo pole pole, utaingia kwenye lami, na ukishika breki karibu na geti la hospitali, pikipiki itasimama. Bob 20 za kila siku zinanunua hilo.